Safari ya Kundi kutoka Omugo hadi Penye Theluji

Katika nchi za Ulaya ni desturi ya familia nyingi, majira ya baridi yafikapo, kujipakia ndani ya motokaa na kuvuka mipaka miwili au mitatu ili kwenda milimani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Jirani huungana na jirani, gharama hugawanywa, na madereva hupokezana usukani. Mkazi wa Omugo aonapo mambo hayo katika televisheni aghalabu hucheka na kusema kwamba hayo yana wenyewe. Kwake, wilayani Terego, mwezi wa Januari ni wa jua kali, vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazochomwa. Theluji ni neno la vitabuni tu.

Lakini theluji haiko mbali kiasi hicho. Iko juu ya Mlima Kilimanjaro, na kutoka Arua hadi Marangu, chini ya mlima huo, ni kadiri ya kilomita 1,500 za barabara ya lami. Mahali pa kuteleza kwa vibao hapana. Anayeutaka mchezo huo wenyewe hana budi kwenda mbali zaidi, mathalani hadi Lesotho, katika milima ya Maluti. Uganda nayo ina theluji yake huko Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Ila milima hiyo hujifunika mawingu siku nyingi, na aitafutaye theluji yake hupita matopeni kwa siku kadhaa. Kwa kundi lenye wazee na watoto, Kilimanjaro una faida moja kubwa: asiyeweza kupanda aweza kuiona theluji akiwa ameketi barazani, kikombe cha kahawa mkononi.

Tena iko sababu ya kutokawia. Barafu ya Kilimanjaro imekuwa ikipimwa tangu mwaka 1912, na zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 zilizokuwapo wakati huo zimekwisha kuyeyuka. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu iliyobaki juu ya Kilimanjaro, pamoja na ile ya Mlima Kenya na ya Rwenzori, inatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayenyonya leo Omugo huenda asiweze kumwonyesha mwanawe kitu hicho.

Kikao cha kwanza

Safari ya namna hii haiharibiki njiani. Huharibika nyumbani, miezi mitatu kabla ya kuondoka, na mara nyingi kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuulizwa mapema kama anayo hati, afya au fedha. Kundi zima hutembea kwa mwendo wa huyo. Akizuiliwa mpakani, wote wamezuiliwa. Akiugua, wote wamelala njiani.

Ichukuliwe mfano wa familia tatu: ya koplo wa jeshi, ya konstebo wa polisi na ya mwalimu. Pamoja na bibi mmoja na vijana wao, ni watu 12. Gari lifaalo ni lile la viti 14, ambalo Uganda huitwa teksi, Kenya matatu na Tanzania daladala. Viti viwili vinavyobaki ni vya mizigo. Jamaa wa kumi na tatu na wa kumi na nne hawakosekani kamwe, nao hujitokeza siku ya mwisho wakiwa wamekwisha kufunga mabegi. Wakataliwe kwa upole lakini wakataliwe, kwa kuwa mizigo itakayopakatwa kwa siku nne huwachosha watu kuliko barabara yenyewe.

Katika kikao hicho wachaguliwe mkuu wa msafara, mweka hazina na madereva wawili wenye leseni halali. Cheo cha kambini kiachwe kambini. Koplo si lazima awe mkuu wa msafara. Mke wa mwalimu, ikiwa ndiye mwenye kumbukumbu na sauti ya kusikilizwa, atafaa zaidi. Askari wengine huliona jambo hili kuwa gumu, lakini gari si kikosi, na bibi hapigiwi amri.

Hesabu ianze na mafuta. Kwenda na kurudi ni kilomita 3,000. Ziongezwe 200 za mizunguko ya huko. Gari la namna hiyo likinywa lita 12 kwa kila kilomita 100, litahitaji lita 384, basi iwekwe akiba ya lita 400. Baada ya mafuta huja malazi ya njiani, chakula, ada za mpakani za gari na ada za hifadhi ya mlima. Wananchi wa nchi za Afrika Mashariki hutozwa ada ndogo kuliko wageni wengine katika hifadhi za Tanzania, lakini hapana budi waonyeshe uthibitisho wa uraia wao. Ada hizo hubadilishwa mara kwa mara. Yafaa ziulizwe mapema kwa wahusika wenyewe, wala si kwa rafiki aliyewahi kwenda.

Fedha zichangwe kila baada ya mshahara, ziandikwe daftarini, na daftari lisomwe mbele ya wote. Fungu moja, ambalo lisiwe chini ya sehemu ya kumi ya fedha zote, lisiguswe ila kwa ugonjwa au kuharibika kwa gari. Aidha jambo moja liandikwe na kutiwa sahihi tangu mwanzo: mtu akijitoa baada ya malipo kufanywa, atarudishiwa nini? Urafiki mwingi umekufa kwa ajili ya swali hilo kutoulizwa.

Wakati mzuri ni Januari. Shule za Uganda zimefungwa, West Nile ni kiangazi, na kwenye Kilimanjaro pia miezi ya Januari na Februari ni ya ukavu. Miezi ya Juni hadi Oktoba nayo hufaa mlimani. Machi hadi Mei ni mvua za masika, na mlima haupandiki kwa raha.

Hati za kila mtu

Tangu mwaka 2014 mwananchi wa Uganda huweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kwamba watapita hivyo hivyo hadi Tanzania. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Huko hutakiwa pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayokubaliwa katika Afrika Mashariki. Kila mtoto awe na hati yake. Mtoto asafiriye bila mzazi wake mmoja achukuliwe barua ya ridhaa ya mzazi huyo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mambo haya hayamalizwi kwa wiki moja, na ndiyo maana kikao hufanywa miezi mitatu kabla.

Omugo kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa moyo. Tangu mwaka 2017 wakimbizi wa Sudan Kusini wamepewa ardhi huko, na watoto wao husoma, hucheza na hukua pamoja na watoto wa wenyeji. Ni jambo jema familia ikitaka kumchukua mmoja wao pamoja na wanawe. Lakini mkimbizi havuki mpaka kwa kadi ya mgao wala kwa barua ya shule. Yeye huhitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa na serikali ya Uganda, na kuipata huchukua muda. Kumpitisha mtoto huyo bila hati, kwa kumwita wa nyumbani, ni kumweka katika hatari ya kushikwa katika nchi ambayo si yake wala si ile iliyompokea. Akikosa hati, afadhali abaki na aletewe picha.

Askari na polisi nao wana sharti lao. Cheti cha likizo peke yake hakitoshi kuvukia mpaka. Ruhusa ya maandishi iombwe kwa mkuu wa kikosi, itaje nchi zote mbili na tarehe za kutoka na kurudi. Sare iachwe nyumbani. Hata nguo za watoto zenye rangi za madoadoa ya kijeshi zisitiwe begini, kwa kuwa katika nchi zote tatu sheria humkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi, na mlinzi wa mpaka asiyemjua mvaaji hawezi kujua kwamba ni mchezo tu.

Halafu ziko kadi mbili ambazo zote huitwa za njano, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania humdai mtu atokaye Uganda. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa na nguvu siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kudungwa siku ya kuamkia safari hakusaidii; ila aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu mwaka 2016 cheti hutambuliwa kwa maisha yote. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, nayo ni bima ya gari inayokubaliwa Kenya na hata Tanzania. Dereva awe nayo pamoja na kadi ya gari. Gari likiwa la kukodi au la ndugu, iwepo barua ya mwenyewe inayomruhusu dereva kulitoa nje ya nchi. Wakati wa kuingia nchi ngeni, forodha hutoa kibali cha muda cha gari. Kibali hicho kitunzwe kama fedha, maana wakati wa kutoka kitadaiwa.

Njia ya Lira

Kwa mazoea, mtu wa Arua akisema anakwenda Kenya hufikiri kwanza Kampala. Kwa safari hii hapana haja. Msafara ukiisha kuvuka Nile pale Pakwach na kupita msituni hadi Karuma, hauvuki daraja la Karuma. Hushika upande wa Kamdini, kisha Lira, Soroti, Mbale na Tororo hadi Malaba. Njia hii hupunguza kadiri ya kilomita 100 na kuwaepusha abiria na msongamano wa Kampala. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo ya miezi kadhaa, wengi waliijua njia ya Lira kwa lazima. Wengine wameendelea kuitumia kwa hiari.

Siku ya kwanza gari liondoke Omugo saa kumi na moja alfajiri, ili Soroti ifikiwe kabla ya jua kuzama. Kati ya Pakwach na Karuma barabara hupita kandokando ya hifadhi ya Murchison Falls; nyani hukaa barabarani wakingoja ndizi, na tembo huvuka watakapo. Nyani wasilishwe. Mnyama aliyezoea kulishwa huja dirishani, na mkono wa mtoto ndio ulio karibu.

Siku ya pili ni ya Soroti hadi Nakuru, na ndiyo ngumu kuliko zote. Malaba ni kituo cha pamoja, ambapo wakuu wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja. Hata hivyo malori ni mengi, na saa mbili zihesabiwe kuwa zimepotea. Toka hapo barabara hupanda hadi Eldoret. Vijana waambiwe kwamba mji huo ndio wa Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za miguu aliyejifunza kuteleza kwa vibao huko Finland, na mwezi wa Februari 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, mjini Nagano, Japani. Alifika wa 92, nyuma ya wote waliomaliza. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea nishani yake mpaka Boit afike, akamkumbatia penye mstari. Masimulizi kama hayo hufupisha barabara.

Baada ya Eldoret huja Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,500, karibu na mstari wa ikweta. Hapo bibi ataomba blanketi, na atakuwa na haki. Kutoka hapo mteremko ni mrefu, malori yenye breki zilizochoka ni mengi, na dereva yafaa atumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote. Pande hizo za Sachangwan, mwezi wa Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Msafara ukikuta lori la mafuta limelala kando ya barabara, usisimame kutazama.

Amri moja isivunjwe katika siku zote nne: saa kumi na mbili jioni gari liwe limeegeshwa. Dereva asishike usukani zaidi ya saa mbili bila kupokewa, wala asikubali sifa za wale wanaojigamba kwamba waliwahi kutoka Arua hadi Mombasa bila kulala. Hawatajwi wale waliolala milele katika kujaribu.

Madereva wengine hutafuta macho kwa kutafuna mairungi. Hapa pana mtego. Majani hayo, ambayo Kenya huitwa miraa, huuzwa wazi kando ya barabara za nchi hiyo, lakini Tanzania, ambako huitwa mirungi, yamekatazwa na sheria ya dawa za kulevya. Kitita kilichonunuliwa Nairobi bila kosa huwa kosa kubwa Namanga, na gari zima hupekuliwa pamoja na mwenye nacho.

Siku ya tatu ni Nakuru, Nairobi, Namanga hadi Arusha. Namanga nayo ni kituo cha pamoja. Ndani ya Tanzania mwendo katika vijiji na miji usizidi kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa huko, wenye vipima mwendo mikononi, hawana mzaha hata na askari mwenzao wa nchi jirani. Dereva avumilie. Siku ya nne imebaki safari fupi ya kupita Moshi hadi Marangu, kadiri ya kilomita 120, nayo ni ya kupumzisha miili.

Kikapu, blanketi na adabu

Chakula cha siku ya kwanza kitoke nyumbani: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, chapati na karanga za kukaanga, ambazo ndizo hudumu kuliko vyote. Muhogo uliopikwa usingojewe siku ya pili. Nyama mbichi, mbegu na mimea isivushwe mpakani. Jambo ambalo akina mama wengi wa Uganda hulisahau ni mifuko. Ile mifuko ya plastiki iitwayo kaveera, ambamo kila kitu hufungwa Arua, ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017 na Tanzania mwezi wa Juni 2019. Chapati zifungwe kwa kitambaa, karanga zitiwe kwenye kopo lenye kifuniko, na vikapu vichukue nafasi ya mifuko.

Kwa nguo za baridi hapana sababu ya kwenda dukani. Makoti mazito, glavu na kofia za sufu ambazo Wazungu walizivaa katika theluji yao huuzwa katika soko la mitumba, na mnunuzi wa Arua huzipita kwa kuwa hana la kuzifanyia. Zinunuliwe mapema na zifuliwe. Mpandaji asivae fulana ya pamba mwilini, kwani pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi. Sufu au kitambaa cha michezo hufaa zaidi. Vinavyokosekana hukodishwa Moshi na Marangu.

Kiswahili nacho ni mzigo wa kutayarishwa. West Nile kilienea hasa kwa njia ya jeshi, polisi na biashara, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikikubali kuwa lugha rasmi. Lakini Kiswahili cha kambini kina makali yake. Asemaye "lete chai" katika mkahawa wa Moshi hueleweka, ila hutazamwa. Huko husemwa "naomba chai". Watoto wafundishwe kumwambia mtu mzima "shikamoo", na wazoee kuitikia wadogo wao "marahaba", tangu wakiwa Omugo. Mchezo huo wa wiki mbili utawafungulia milango mingi kuliko fedha.

Wako wazee ambao jina la Tanzania huwakumbusha mwaka 1979, majeshi ya nchi hiyo yalipofika hadi Arua, na watu wengi wa West Nile wakakimbilia Kongo na Sudan. Bibi akisita kwenda, asichekwe. Aachwe aseme yaliyomo moyoni, ikiwezekana mbele ya wajukuu, kisha aamue mwenyewe.

Mlimani

Marangu ni mahali pa baridi ya kupendeza, migomba na kahawa. Asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kupanda, kilele huonekana cheupe juu ya miti, na jioni huweza kujifunua tena. Kwa nusu ya kundi hiyo ndiyo safari yote, nayo inatosha. Watatembea hadi maporomoko ya Kinukamori, watakula mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao Wachaga humpikia hata mama aliyejifungua, na akina mama watalinganisha mapishi.

Watakao kwenda mbele kidogo waweza kupanda kwa siku moja hadi kibanda cha Mandara, penye mita 2,700 hivi, na kurudi jioni. Ni matembezi ya msituni, na kijana mwenye afya huyaweza. Lakini ukweli usifichwe: Mandara hakuna theluji, wala Horombo penye mita 3,720. Anayetaka kuishika kwa mkono hana budi kupita kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, na kuanza kupanda usiku wa manane kuelekea Uhuru, mita 5,895. Hiyo ni safari ya siku tano au sita pamoja na kiongozi mwenye kibali na wapagazi. Hapana ruhusa ya kwenda peke yako. Watoto walio chini ya miaka 10 hawapandishwi kileleni. Siku ya sita, ambayo hutumiwa kupumzika Horombo ili mwili uzoee, huonekana kuwa ghali wakati wa kuhesabu fedha. Lakini ndiyo inayowafikisha wengi juu.

Koplo na konstebo watataka kupanda, na ni haki yao. Mlima huo una historia ya askari: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge na kusimamisha bendera ya Tanganyika huru juu ya kilele. Ila nguvu za gwaride hazisaidii penye upungufu wa hewa. Viongozi wa Kilimanjaro hurudia neno moja tu, "pole pole", na mara nyingi anayeshindwa ni yule kijana shupavu aliyewatangulia wenzake siku ya kwanza. Maumivu ya kichwa, kutapika na kukosa usingizi ni dalili za ugonjwa wa mlimani. Zikizidi, au mgonjwa akianza kuyumba kama mlevi, kukohoa bila kukoma au kusema maneno yasiyoeleweka, dawa ni moja: ateremshwe saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe mvua. Kusubiri hadi asubuhi kumeua.

Mtu wa West Nile ana shaka ya pili. Malaria aliyoambukizwa Omugo huweza kujificha wiki moja au mbili, kisha ikamlipukia mlimani kwa dalili hizo hizo za kichwa na kutapika. Kwa hiyo vipimo vidogo vya malaria na dawa yake viwe katika sanduku la msafara, na mwenye homa apimwe kabla ya kusemwa kwamba ni kimo tu kinachomsumbua. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao watu wa kaskazini mwa Uganda wanaujua vizuri, asipande kabisa, kwa sababu upungufu wa hewa huweza kumletea maumivu makali na hatari kubwa. Hata yule ambaye amerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, na hajawahi kuugua, aulize daktari kabla ya kulipa ada. Kipimo cha damu hufanywa Arua. Kifanywe pamoja na chanjo, katika mwezi ule wa kwanza wa matayarisho, ili ajuaye hali yake ajipangie Mandara na mtori bila kuona haya mbele ya wenzake.

Wapandaji wakiteremka, msafara upumzike siku moja nzima Marangu kabla ya kuondoka. Dereva aliyetoka kileleni jana si dereva. Kurudi ni njia ile ile, siku nne zile zile, na kibali cha gari hurudishwa Namanga kabla ya bendera ya Kenya kuonekana. Gari likiisha kushusha mizigo Omugo, mweka hazina asome daftari lake jioni ile ile, mafuta kwa lita na malazi kwa vitanda, na kilichobaki kigawanywe mezani mbele ya wote.